Kitambaa cha Mtoto wa Dada

Dada yangu alinikabidhi mtoto wake siku tatu kabla hajafa. Kifua kilikuwa kimembana, kila sentensi aliikata katikati. Alisema, "Asiache dini ya baba yake. Na asiache shule." Nikamwambia sawa.

Mimi ni Mlutheri, mtoto wa wakulima wa kahawa wa mlimani, juu ya Makumira. Dada naye alikuwa Mlutheri mpaka alipoolewa mjini na dereva wa malori, Mwislamu wa Kondoa. Siku baba alipopata habari hiyo alimpiga dada kwa mpini wa jembe mpaka mpini ukavunjika. Mama alimfuta damu kwa kanga. Kwa hiyo sikuwa mgeni wa ugomvi wa dini.

Mtoto alikuwa wa kike, miaka saba, darasa la kwanza. Serikali ilikuwa imefungulia biashara na malori hayakulala, hivyo baba yake aliweza kukaa wiki tano njiani kwenda mpakani na Zambia na kurudi. Nikabaki na mtoto chumbani kwangu, mtaa wa Kaloleni. Asubuhi nilichoma ndizi na kuziuza nje ya uzio wa shule yake.

Mama yake alikuwa amemzoesha kufunika kichwa kila anapotoka. Mimi sikujua wanavyofanya. Nilikata shuka jeupe la mitumba, nikamfunga kama wanavyojifunga mama zetu wakienda kanisani, fundo nyuma ya shingo, masikio nje. Alisoma hivyo muhula mzima. Mwalimu wake, kijana wa mlimani kwetu ambaye tulisalimiana vizuri, alimtania kwamba amekuwa mama wa kwaya, darasa likacheka na yeye akacheka. Hakuna aliyesema dini imeingia shuleni.

Aliyenirekebisha ni jirani yangu, mama aliyetoka Tanga.

"Shoga, huyu mtoto umemfunga kama anakwenda kuchuma kahawa," aliniambia tukianika nguo. "Masikio yote nje. Marehemu angekuona angekufukuza."

"Nifanyeje sasa?"

"Lete pini."

Akapitisha kitambaa chini ya kidevu, akakibana, ncha zikaanguka kifuani. Uso wa mtoto ukabaki mduara. Alifanana na dada hata nikageuka nisimtazame.

Siku zile mjini watu walikuwa wakibishana juu ya vitambaa hivyo, kama wasichana wavivae shuleni au wakatazwe, hasa hawa wadogo. Ilikuwa misikitini, ilikuwa kanisani kwetu watu wakitoka ibadani. Mimi niliona ni mabishano ya waliosoma. Mtoto wangu alikuwa amevaa kitambaa muhula mzima na hakuna aliyemgusa.

Kesho yake mtoto alikwenda shule na kitambaa cha pini. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiko langu nje ya uzio, watoto wamepanga mstari uwanjani. Mwalimu alipita akikagua kucha. Akasimama mbele ya mtoto.

"Nani kakuvalisha hivi?"

"Mama mdogo."

"Vua."

Hakuvua. Vidole vyake vilihangaika shingoni. Nadhani hakujua pini inafunguliwaje. Mwalimu akakishika kitambaa kwa nyuma akakivuta. Pini ikaachia, ikamchana kuanzia chini ya kidevu mpaka karibu na sikio. Akaanguka magotini. Mwalimu akampiga fimbo palepale chini, mgongoni, na moja ikatua kisogoni. Zilikuwa sita. Wenzake walisimama wamenyooka, mikono nyuma.

Nilikuwa umbali wa hatua ishirini. Uzio ulikuwa wa michongoma na ulikuwa na tundu ambalo hata mtu mzima angepita. Sikupita. Nilishika koleo la mkaa nikabaki nalo mkononi. Watu niliwaambia kwamba miguu ilikufa ganzi. Si kweli. Niliogopa wasije wakanikataza kuuza pale.

Jumamosi mwalimu mkuu, mama wa makamo, aliita wazazi wote. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagonga vifua. Nilikwenda na mtoto, shingo ina bandeji. Mwalimu mkuu alisema hana barua yoyote kutoka juu, wala ya kuruhusu vitambaa wala ya kukataza, na anataka kusikia sisi tunasemaje kuhusu watoto wa madarasa ya chini.

Baba mmoja aliyevaa kofia ya pama akasimama. "Mtoto wa miaka saba ana nini cha kuficha? Kwani humo darasani mvua inanyesha?"

Upande wake wakacheka. Mume wa jirani yangu, fundi baiskeli, akajibu bila kuinuka, "Na wewe mzee hiyo pama ya nini? Jua linakuwakia humu ndani?"

Sasa tulicheka sote, hata mwalimu mkuu. Yule wa pama hakucheka.

"Mimi ni mtu mzima. Najivalisha mwenyewe."

"Sketi na soksi wanachagua watoto?"

"Hizo ni za shule. Mkitaka mambo ya Pwani rudini Pwani."

"Mimi nimezaliwa hapahapa mjini, Levolosi, bwana. Wewe ndiye uliyeshuka mlimani juzi na ndizi kichwani."

Yule akavuka dawati akampiga kofi. Fundi akamrudishia ngumi, na baada ya hapo sikuona tena nani ni nani. Dawati lilipaa. Mwanamke aliburutwa kwa mtandio wake. Fundi alipigwa mdomoni kwa mguu wa kiti, akatema meno mawili sakafuni. Mtoto nilikuwa nimemsukumia chini ya meza ya mwalimu.

Mwalimu wake, yule wa fimbo, aliingia katikati kuamua ugomvi. Namtendea haki, alikuwa anaamua. Wakamsukuma, akaanguka miguuni pangu. Nikampiga mateke mawili ya mbavu. Nilisikia kitu kikilia ndani yake. Hakuna aliyeniona, na polisi walipokuja walimchukua fundi na yule wa pama. Mimi nilitoka na mtoto wangu kama mtu aliyeonewa.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja chumbani kwangu mwenyewe.

"Mama, kamati ya shule imesema asiingie na ile pini. Mfunge kama zamani, fundo nyuma. Mimi sitaona kitu."

"Ni kitambaa kilekile, mwalimu."

"Najua."

Jirani alikuwa mlangoni, mumewe bado yuko mahabusu. "Usithubutu," aliniambia mwalimu alipoondoka. "Mume wangu kamwaga meno kwa ajili ya hicho kitambaa, wewe ukamfunge kikanisa?"

Nilimwahidi dada mambo mawili, na sasa nilitakiwa kuchagua moja. Nilichagua shule. Asubuhi nilimfunga mtoto fundo nyuma. Akalifungua. Nikalifunga tena, akalifungua.

"Hivi sivyo, mama mdogo. Mama hakuwa anafunga hivi."

Mara ya tatu nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu, upande wa jeraha, likafunguka, damu ikashuka kwenye kola. Hakulia. Nilimbadilisha shati, nikafunga fundo nikiwa nimebana kichwa chake kati ya magoti yangu, na nikamshika mkono mpaka langoni. Kila asubuhi iliyofuata aliinama mwenyewe nimfunge, wala hakunitazama.

Baba yake alirudi wiki ya tatu. Alikuwa ameshasikia mambo yote njiani. Alimkalisha mtoto kitandani akamwinua kidevu kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilikuwa nasonga ugali.

"Huu mchano ni wa mwalimu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hapa palipofunguka tena, nani?"

 Nilijua sasa mtoto atanisema, na kwamba shemeji atamchukua ampeleke kwa ndugu zake Kondoa, na hakika ingekuwa haki yake.

"Nilianguka," alisema.

Shemeji alinigeukia. "Alianguka wapi?"

Nikasema, "Shuleni."

Alikubali, tukala. Mtoto alibaki kwangu mpaka darasa la saba, na kabla hajamaliza ruhusa ya vitambaa ilikuwa imetoka, wa pini na wa fundo wakaingia darasa moja. Ni Mwislamu mpaka leo, anakaa Moshono na watoto wake. Watu wa kwetu husema nilimlea vizuri mtoto wa marehemu. Yeye mwenyewe hajawahi kusema hivyo, na mimi sijawahi kumuuliza.