Abiria Asiyeonekana wa Uwanja wa Same

Nicheke tu, lakini siku ile hata wewe ungekimbia. Miaka ya Ujamaa nilikuwa karani wa uwanja mdogo wa ndege hapa Same. Nilipima abiria kwa mizani ya ubao ya kupimia katani, maana kwenye joto letu la mchana ndege iliyojazwa kupita kiasi haipai. Siku hiyo nikapima kwa mbwembwe, daftari gotini. Uzito umezidi! Nikamwondoa bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akiwahi hospitali Dar.

Nikapima waliobaki. Bado umezidi.

"Ndugu karani," rubani akasema, "hebu tuione mizani ikiwa tupu."

Upepo ulikuwa umetulia, milima ya Upare imenyamaza. Hakuna aliyesimama juu ya mizani, lakini mshale ulionyesha kilo kumi na mbili.

"Ni karani aliyekutangulia," mzee mmoja akanong'ona. "Alifia hapo hapo."

Watu wakarudi nyuma. Nikapiga kelele: "Marehemu, shuka! Mgonjwa asafiri!"

Mshale haukutikisika.

Yule bibi akajikokota mpaka nilipo, akanigonga kwa fimbo mguu niliokuwa nimeuweka kwenye ubao wa mizani tangu asubuhi, ili goti libebe daftari.

"Mwanangu," akasema, "shuka wewe."