Swichi ya Bi Mwanapili Mbele ya Mkaguzi

Watu wakiniuliza nlikuwa nafanya kazi gani serikalini, nikiwajibu kwamba nlikuwa nakagua uvumbuzi, hucheka. Ati Unguja kulikuwa na uvumbuzi wa kukaguliwa? Kulikuwako! Uchache wake ndio ulionifanya niupende. Mwezi mzima nnaandikisha majina ya maduka na alama za sabuni, usingizi unanichukua mezani, halafu siku moja anaingia mtu na kitu mkononi, anasema, "Hiki nimekibuni mie." Hapo usingizi wote unaniruka. Mie ni mtu wa kutaka kujua, nimezaliwa hivyo, na mama yangu alikuwa akisema nitakufa nikichungulia kisima.

Aliyeniweka macho kupita wote ni Bi Mwanapili binti Shaame. Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, yale majumba marefu ya Michenzani yanapanda, na vumbi lake linatufuata mpaka ofisini. Akaingia kajitanda buibui lake, kabeba kikapu cha ukili.

"Shikamoo, Bwana Abrahman."

"Marahaba, binti."

Akatoa kikapuni kitu kilichofungwa katika leso, akakiweka mbele yangu, akakunja mikono. Mtu wa Mkokotoni huyo, kwao hasa Tumbatu, na wale hawakubembelezi uwaulize. Mie nami subira hiyo sina. Nkauliza.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na alikuwa amepanga chumba Mlandege, juu ya duka la nguo. Wakati ule maofisi kadhaa yalikuwa yameletewa taipureta za umeme. Mashine nzuri, wallahi, ila aliyezitengeneza hajapata kukaa kisiwani. Chini ya kila herufi mna swichi ndogo, na kila swichi imegandishwa kwa risasi ya kuyeyusha kwenye kibao chake. Upepo wetu wa chumvi ukishaila swichi moja, tuseme ya herufi A, basi tena. Ifungue mashine nzima, mtafute fundi wa kuchomelea, na fundi mwenyewe anatafutwa na mji mzima. Na Kiswahili bila ya A utaandika nini? Hata "salamu" huipati.

Swichi ya Bi Mwanapili haikugandishwa. Chini ilikuwa na ndimi mbili za shaba zinazoingia katika tundu zake. Ikiharibika, unaing'oa kwa vidole, unachomeka nyingine, unaendelea na barua yako. Kiwiliwili kakichonga kwa vitana vya plastiki vilivyovunjika, springi kaitoa katika kalamu, na ndimi kazikata kutoka plagi mbovu.

"Wazo hili umelipata wapi?"

"Globu ikiungua, Bwana, huvunji dari. Unaitoa, unatia nyingine. Nkasema, kwani herufi ina nini isiwe hivyo?"

Alaa! Nkacheka peke yangu. Jambo jepesi hilo, na hakuna aliyeliwaza.

Alichokuja kukitaka ni hati ya uvumbuzi. Siku hizi wenyewe wanaiita hataza, sie tukiita patenti. Ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni cha fulani, kakibuni yeye, na asikitengeneze mtu bila ya ridhaa yake.

"Wataka kuuza?" nkamuuliza.

"Siuzi. Nataka jina langu."

Hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Marehemu baba yake, Mzee Shaame Mcha, alibuni mlango wa dema, ule mtego wa samaki wa kusuka, mlango unaofungika kwa kijiti kimoja tu. "Mkokotoni nzima wanautumia," akasema. "Nenda kawaulize nani kaubuni. Watakwambia, 'Ah, ndivyo dema lilivyo.' Baba kafa anasikia kazi yake inaitwa 'ndivyo lilivyo'. Iliniuma, Bwana, na inaniuma hata leo. Mie sitaki yanipate hayo."

Nkamwambia kukagua ntakagua, lakini hati siiahidi. Nlisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nshaanza kumpendelea, na sidhani kama hakuliona.

Basi nkaanza ukaguzi, na ukaguzi wenyewe ulikuwa raha tupu. Alikuwa kaniletea kibao cha majaribio chenye tundu zake na globu ya tochi, ukibonyeza swichi globu inawaka. Nkakichukua mpaka nyumbani. Nkabonyeza, nkang'oa, nkachomeka. Nkaitia swichi moja katika bakuli la maji ya bahari, nkaianika dirishani, ikafanya kutu, globu ikakataa kuwaka. Nkaing'oa ile, nkachomeka nzima, globu ikawaka pale pale. Nkapiga ukelele wa furaha.

Mke wangu Wanu akaja mlangoni na mwiko mkononi. "Hiyo swichi umeioa?" akaniuliza. "Nipe habari mapema, nijue kama nnapika chakula cha wake wawili."

Mambo ya kufanya kazi yakaisha. Yakabaki ya upya, na hapo ndipo penye mwiba. Sheria haimpi mtu hati kwa kitu kilichokwisha kujulikana na kutumiwa na watu kabla hajaleta maombi yake. Ikiwa watu wanacho tayari, basi ni chao wote. Nkafukua majalada ya zamani, yale ya tangu enzi za Waingereza, vumbi likanipiga chafya mpaka kofia ikanianguka. Nkakuta makufuli, majiko, mtambo wa kukaushia karafuu, lakini swichi ya kuchomeka hamna. Nkaenda Mlandege kwa Miraji, fundi wa redio, nkamwekea kibao kile mbele yake. Akakigeuza, akakinusa, ndiyo, akakinusa.

"Plagi naijua," akasema, "na swichi naijua. Lakini aliyewaozesha hawa wawili sijapata kumwona. Nani huyu?"

"Siri ya ofisi."

"Mwambie namtaka afanye kazi na mie."

Nkarudi ofisini nnatembea kwa madaha. Hati anapata! Nkamwita Bi Shemsa, mpiga chapa wangu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na vidole vyepesi zaidi, nkamsomea uamuzi aupige. Nkaanza, "Nimekagua kwa makini, na imeonekana kwamba kifaa hiki ni kipya…" Alipofika kwenye neno "kipya," mashine ikamgomea. Herufi Y haiandiki.

"Ebo!" akasema Bi Shemsa. Akavuta mtoto wa meza, akatoa mkebe, akachagua kidude, akaing'oa Y, akachomeka kile, akaendelea kupiga.

Mie nimesimama pale, roho yangu iko wapi hata sijui.

"Bi Shemsa. Nini hiyo?"

"Mwanapili."

"Mwanapili gani?"

"Hii hapa, Bwana. Mwanapili. Ya Y imekufa, nimetia nyengine."

Nkavuta kiti nkakaa. Nkamuuliza kaipata wapi, akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Si sikukuu! Idi ile iliyopita. Wewe ulikuwa Pemba, wamekutuma. Bi Mwanapili mwenyewe alikuja akatutilia tundu katika mashine, halafu akatuletea sahani, kaifunika kawa, upande mmoja visheti, upande mmoja mwanapili. Kagaia ofisi nyingi. Hujaona mashine hii siku hizi hainipi taabu?"

Nlikuwa nimeona. Nlidhani dua zangu zimekubaliwa.

"Na wewe ndiye uliyeyapiga chapa maombi yake! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nami nlidhani unajua. Nkifurahi, nkasema, Bwana leo anampa mwenzetu haki yake."

Idi ilikuwa imetangulia, maombi yamekuja miezi baadaye. Nkaichukua kofia yangu nkatoka, nnaomba Bi Shemsa awe kakosea. Nkaingia ofisi ya kwanza, nkawauliza wapiga chapa wana nini cha kutengenezea mashine zao. "Mwanapili," wakasema. Nkaingia ya pili. "Mwanapili, Bwana, unazo za kutugaia?" Katika ofisi moja karibu na mahkama nkamkuta karani mtu mzima, Bwana Duni, mtu wa Makunduchi, anapiga chapa kwa vidole viwili. Nkamuuliza anamjua Bi Mwanapili binti Shaame. Hamjui, hajapata kumwona. Lakini nkamwonyesha swichi, akaruka, "Ah, mwanapili! Zangu mbili zimekufa. Zinapatikana wapi?"

Nlirudi nyumbani sikutamani kula. Wanu akaniuliza kama yule mke wa pili kanipa talaka, na sikucheka. Nlikuwa na hasira na sheria, nna hasira na visheti, nna hasira na mie mwenyewe kwa kupenda kuchungulia. Lakini nlichokiona nshakiona. Nkiandika kwamba kitu hakijulikani, na mji mzima unakijua, ntakuwa nimesema uwongo chini ya muhuri wa serikali.

Nkamwita. Akaja na kikapu chake, na usoni kaweka tabasamu dogo, maana habari za furaha ya Bi Shemsa zilikuwa zishamfikia. Tabasamu lile liliniumiza kuliko maneno yote yaliyofuata.

"Bi Mwanapili, hati sikupi."

"Kwa nini?"

"Umewagaia watu kabla hujaja kwangu."

Akanyanyuka. "Ilikuwa Idi! Ulitaka nifanye nini? Wanawake wale tunaazimana utepe, tunaazimana karatasi, sahani zao zinakuja kwangu kila mfungo, na sahani ya mtu huirudishi tupu. Niwapelekee visheti, na kitu kilicho bora kuliko visheti nikifiche uvunguni? Nnyimane na wenzangu? Mama yangu angenikana!"

"Kutoa ni moyo, binti, nami sikulaumu. Lakini sheria…"

"Sheria yako haijui ujirani!"

"Haijui," nkasema.

Akakaa tena. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Kwa hiyo na mie yamenipata," akasema. "Wataitumia, wataizoea, halafu watasema ndivyo mashine ilivyo. Nimekuja kwako kukimbia hilo hilo."

Nlitamani ardhi inimeze. Lakini desturi ya ofisi ni kwamba anayekataliwa husomewa sababu zake, mdomo kwa sikio, kabla hajapewa karatasi. Nkavaa miwani.

"'Maombi ya Bi Mwanapili binti Shaame Mcha yamekataliwa,'" nkasoma. "'Imethibitika kwamba kifaa alichokiombea hati kimekwisha kujulikana na kutumiwa katika maofisi ya mji wa Unguja kabla ya maombi haya kuletwa, na kwamba wote wanaokitumia wanakijua kwa jina la mwanapili.'"

Akanyanyua kichwa. "Jina la nini?"

"La mwanapili."

"Nani kasema?"

"Bi Shemsa kasema. Wapiga chapa wote niliowauliza wamesema. Na mzee mmoja wa Makunduchi, ambaye hakujui kwa sura wala kwa sauti, kaniambia mwanapili zake mbili zimekufa, anataka nyingine."

"Unanifanyia mzaha, Bwana Abrahman. Mbele yangu husema 'ile swichi yako'."

"Mbele yako, ndiyo. Kitu hakiitwi kwa jina la mtu mbele ya mwenyewe. Umeondoka mlangoni, wanasema mwanapili. Hilo ndilo lililonizuia nisikupe hati. Swichi ingekuwa haina jina, pengine nisingejua kabisa kwamba watu wanayo."

Akajifuta uso kwa pembe ya buibui. Akatazama dirishani, kule vumbi la Michenzani linakopanda, akarudi kunitazama mie kuhakikisha sicheki. Sikuwa nnacheka. Nlikuwa nakaribia kulia.

"Soma tena," akasema. "Pale pa mwisho."

Nkasoma tena. Akaniomba mara nyingine, nkasoma mara nyingine, taratibu, na Bi Shemsa chumba cha pili kaacha kupiga chapa ili asikie.

"Na hapo chini utatia muhuri?"

"Muhuri na saini yangu."

"Wa serikali?"

"Wa serikali."

Nkagonga muhuri mbele ya macho yake. Nkamwambia karatasi ya kukataliwa ni mali ya mwombaji, aichukue akitaka, ingawa watu wengi huichana kabla hawajafika nje.

"Niichane?" akasema Bi Mwanapili, anaipuliza wino ukauke. "Hii naitia kioo, Bwana Abrahman. Naitundika ukumbini."