Kompyuta Iliyobaki na Maneno ya Baba

Baba alipoanza kukauka sauti, mimi nilikuwa mpiga chapa mjini Mpanda, kwenye duka la uchapaji pale mtaa wa Shanwe. Wazazi wangu waliishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, walikofikia baada ya kukimbia Burundi, na nyumbani tulimwita baba Data, ndivyo Kirundi kinavyosema. Alilima mihogo na maharage, na Jumapili aliimba sauti ya chini kanisani. Mwanzoni tulidhani ni mafua. Akanywa tangawizi, akanywa mizizi aliyochemshiwa na jirani. Hospitali walimwangalia kooni, wakanong'onezana, kisha wakasema kuna uvimbe na kwamba wanaoweza kuushughulikia wako Dar es Salaam. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi nyumbani kupalilia.

Haukupita muda akaja dukani kwangu, amebebwa na kaka yangu kwenye baiskeli, na kibali cha kutoka makazini kimekunjwa mfukoni mwa shati. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasubiri nimalize kazi ya watu, ndipo akasema, "Mwanangu, sauti inakwenda. Nataka uyaandike kabla haijaisha."

Nilijua anachosema. Alitaka kusimulia safari yao: jinsi walivyotoka kwenye kilima chao, walikuwa nani na nani, akina nani walifia njiani, na kila mmoja alilazwa wapi. Sisi watoto tuliozaliwa Katumba tulijua jambo moja tu, kwamba tulikuwa na kaka mkubwa ambaye hakufika. Mama hakuwahi kumzungumzia. Ukimuuliza aliinuka kutafuta kazi, hata kama kazi haipo. Baba mwenyewe aliweza kusoma kidogo, nyimbo na katekisimu, lakini kuandika hakuvuka jina lake.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja Mfipa, mjane, mwenye moyo mpana. Mwaka ule alikuwa ameleta kompyuta mpya kutoka Dar, imesafirishwa kwa treni ndani ya blanketi, na watu walikuja mlangoni kuitazama tu. Alisema nichape kwenye hiyo, siyo kwenye mashine ya zamani, kwa sababu kwenye kompyuta baba angeweza kujirekebisha bila karatasi kuharibika. Lilikuwa neno la wema. Sijawahi kumlaumu.

Siku ya kwanza baba alianza na jina la baba yake na la babu yake, kisha kilima, kisha ng'ombe waliowaacha. Nilichapa. Kila neno lililotua kwenye kioo lilichorewa chini mstari mwekundu uliojikunjakunja kama mnyoo. Programu ile ilijua Kiingereza peke yake. Kiswahili chote kwake kilikuwa makosa, na majina ya Kirundi ndiyo kabisa. Baba alisogea, akainama, akatazama kioo kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa ile sauti yake ya mchanga, "Nimekosea wapi?"

Nikamwambia hajakosea, mashine ndiyo haijui. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali ili kukupa nafuu. Tangu hapo alianza kusema polepole, akichagua maneno, akirudia jina la mama yake kwa kulitamka wazi zaidi, kana kwamba mashine ingeelewa akilitamka vizuri. Mtu aliyekimbia nchi moja kwa sababu ya jina, akaishi nchi nyingine kwa kibali, sasa alikuwa mbele ya kioo kinachoyapigia mstari majina ya wazazi wake. Nilitafuta pa kuizima ile mistari sikupaona. Nimewafikiria sana watu waliokaa chumbani kwao huko mbali wakaamua kwamba lugha ambayo hawaijui iwe kosa. Wangeweza kuifanya mashine inyamaze inapokutana na isichokijua. Mgeni mwenye adabu hunyamaza.

Aliendelea kuja kila alipopata kibali na nguvu. Sauti ilipungua mpaka nikawa naweka sikio karibu na mdomo wake huku vidole vikichapa. Nitasema ukweli wa kazi yetu: mpiga chapa hasomi anachochapa. Tulifundishwa kuufuata mdomo, herufi kwa herufi, na akili ikae kando. Safari hiyo nilishukuru kwamba nafahamu kufanya hivyo, maana mengine yalikuwa hayasikiliziki. Alipofika kwa mtoto wao wa kwanza alieleza mahali kwa kirefu: kijito, upande gani wa kijito, jiwe, mti, walivyogeuka walipoondoka. Nikachapa yote. Nilijiambia nitayasoma nikiwa na karatasi mkononi, nimekaa mahali peke yangu.

Karatasi haikupatikana. Printa iliyokuja na kompyuta ilikuwa na vikopo viwili vya wino, mweusi na wa rangi. Wa rangi ulikauka kwa kuwa hakuna mtu Mpanda aliyehitaji kuchapa maua. Ulipokauka, printa ikagoma kabisa. Mweusi ulikuwepo, tulikitikisa kikopo tukausikia, na maneno ya baba hayakuhitaji rangi yoyote. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba tubadilishe kikopo cha rangi au tumwone msimamizi wetu wa mitambo. Msimamizi wetu alikuwa yule mama wa Kifipa, amekaa mlangoni akichambua maharage. Akaagiza kikopo Dar kwa mtu, tukasubiri.

Tukiwa bado tunasubiri, umeme wa mji ulikatika mchana na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ilitoa harufu ya mpira unaoungua na haikuwaka tena. Fundi redio wa jirani aliifungua, akaonyesha palipokuwa peusi, akaifunga. Mama mwenye duka alilia waziwazi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika disketi. Nilikuwa na desturi ya kuyahifadhi maneno ya baba kwenye disketi pia. Kwa hiyo siku ile sikulia. Niliona nimeokoka.

Nikapanda treni kwenda Tabora, ambako kulikuwa na chuo kidogo cha kompyuta. Wakati huo baba alikuwa hawezi tena kusema wala kumeza ugali, anakunywa uji uliochujwa. Alikuwa ameomba kwa ishara, mkono kwenye sikio, kwamba asomewe kabla hajafa. Alitaka ahakikishe yamekaa sawa.

Mwalimu wa chuo kile alinipokea vizuri. Aliingiza disketi, akalifungua faili, na kioo kikajaa vijiraba na alama, safu kwa safu, kama kuku wamepita kwenye matope. Alijaribu mashine ya pili na nyingine. Kisha akanieleza kwa upole. Kompyuta ya dukani kwetu ilikuwa na programu mpya, na zao zilikuwa na ya zamani, ya kampuni hiyo hiyo, jina lile lile. Kampuni ilipotoa mpya ilibadilisha namna ya kuhifadhi, na ya zamani haikuweza kusoma tena kilichoandikwa na mdogo wake.

"Data ipo, dada," aliniambia. "Iko humu ndani nzima. Ila haifunguki."

Hakujua kwa nini niliinuka nikatoka nje. Niliporudi tulitafuta pamoja katikati ya zile alama, na humo tukaona vipande: *mama akasema*, halafu vijiraba, *usiku ule tukawasha*, halafu vijiraba, jina la shangazi yangu nusu. Nilivinakili vyote kwa kalamu. Nilimuuliza kwa nini watu watengeneze kitu hivyo. Akasema wanataka ununue kipya. Alisema kama anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. Lakini mvua haina bosi. Hili kuna watu walilikalia kikao, wakajua kwamba mwenye cha zamani atafungiwa nje, wakaona ni sawa kwa sababu atalazimika kuja kununua. Hawakumfikiria asiye na pa kununulia. Mwalimu akanakili faili kwenye disketi yake, akaahidi kuipeleka Dar akipata mtu anayekwenda. Sikuweza kusubiri. Nyumbani walikuwa wamenitumia salamu kwa abiria kwamba nirudi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi kwenye ofisi yenye mtandao, nilimsimulia mtaalamu mmoja kisa hiki. Akacheka kidogo kwa mshangao. Akaniambia kampuni ilikuwa imetoa kiunganishi cha kuzifanya programu za zamani zisome faili jipya, na kilitolewa bure. Nikamuuliza kilikuwa kikitolewa wapi. Kwenye mtandao, akasema. Miaka ile Mpanda kumpigia mtu simu ilikuwa safari. Dawa ilikuwepo, imewekwa mahali ambapo wagonjwa hawafiki, na walioiweka waliondoka wakiamini wametibu. Akanishauri pia nimletee disketi. Nilimletea. Ilikuwa imeota ukungu kwa ndani, na ya Tabora sikujua tena ilipoishia.

Nirudi kwenye siku ile. Nilifika Katumba asubuhi nikamkuta baba amewekwa kwenye mkeka uani, amelalia ubavu, macho yakiwa kwenye mkoba wangu. Nilikaa chini. Sikuweza kumwambia kwamba maneno yake yamefungiwa. Nikasema, "Data, karatasi bado, lakini nitakusomea kwa kichwa. Nikikosea, inua mkono."

Nikaanza. Baba yake, babu yake, kilima, ng'ombe. Mkono ulitulia. Nikasema walivyotoka, nikachanganya vile vipande vya Tabora na nilivyokumbuka, na hapo mkono ukaanza kuinuka. Nikabadilisha, ukainuka tena. Nikasema ilikuwa alfajiri, ukainuka. Nikasema usiku, ukashuka. Tulikwenda hivyo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, mpaka jasho likanitoka. Kaka yangu alikaa pembeni na kichwa chini. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anakoroga uji.

Nilipofika kwa mtoto wa kwanza nilikwama. Nilikumbuka kijito. Jina lake sikulikumbuka. Vidole vyangu vilikuwa vimelichapa, pengine mara kadhaa, na kichwani halikuwemo. Nikataja jina la mto mmoja, mkono ukainuka. Nikataja mwingine, ukainuka. Nikataja maji yote niliyowahi kuyasikia upande wa Kigoma. Baba alianza kufungua mdomo. Shingo ilisimama mishipa, midomo ikatengeneza umbo, hewa ikatoka tupu. Akarudia. Niliiangalia midomo yake, mimi ambaye kazi yangu ni kuufuata mdomo, na sikuweza kuliokota. Nikamshika mikono nikamwomba aache. Hakuacha. Machozi yalikuwa yakimshuka kuelekea sikioni kwa jinsi alivyolala.

Ndipo mama akalitaja kutoka jikoni. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mwiko haukusimama.

Baba alifumba macho na mkono wake ukatulia kifuani. Nikamgeukia mama, nikamwomba aseme na mengine, ni upande gani, jiwe liko wapi, mti gani. Alitoka na bakuli la uji, akapiga magoti kando ya baba, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Aliniambia bila kunitazama, "Baba yenu alitaka yakumbukwe. Mimi nilikuja huku nisahau. Msinirudishe nyie."

Baba alifariki kabla ya mvua za mwanzo. Msibani wanakwaya waliimba bila sauti ya chini. Hakuna aliyethubutu kuichukua. Ilipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu nilisimama na kile tulichokiokoa pale uani, nilikuwa nimekipiga kwa mashine ya zamani ya chapa. Kilijaa upande mmoja wa karatasi. Watu walisema ni kizuri. Wazee waliokutana naye njiani, baada ya kile kijito, walikuja kunipa mkono, na mmoja wao akasema palikuwa na mengi kuliko hayo. Nilimjibu kwamba najua.

Mwaka uliofuata kaka yangu aliomba kibali akasafiri kwenda upande wa Kigoma kukitafuta kile kijito. Alikaa huko siku nyingi kuliko alivyoruhusiwa. Aliporudi alikuwa amekonda, viatu vimeachia soli. Alisema jina lile watu wa huko wanalijua sana, maana vijito vinavyoitwa hivyo ni vingi, na kila kimoja kina mawe na kina miti. Alivitembelea alivyoweza. Kwenye kila kimoja alisimama, asijue asimame upande upi.

Mama alimwandalia maji ya kuoga na chakula. Hakumuuliza alikotoka.