Mluzi wa Aliyewavusha Wajerumani

Mimi si mtu wa hadithi za mizimu. Kanisani kwetu, watu wakianza kushuhudia habari za majini na wafu, huwa natoka nje kununua maji. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka, sitakuzuia. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, tena jua bado liko juu ya maghorofa, katikati ya Johannesburg, mwaka 2019. Meno ya mbele niliyopoteza siku ile hayakung'oka ndotoni.

Natoka Idjwi, kisiwa kikubwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, huko Kongo. Hapa Johannesburg ni fundi cherehani. Lakini lazima nianze na kisiwa, maana bila kisiwa hutaelewa yaliyonikuta barabarani.

Ukoo wetu ulikuwa wa wapiga makasia. Kila mpiga kasia alikuwa na mluzi wake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuupiga isipokuwa watoto wake. Ukungu ukishuka ziwani, mtu akikaribia nyumbani anapiga mluzi, na walioko ufukweni wakiutambua wanawasha moto kumwonyesha pa kutia mtumbwi. Mluzi usiojulikana haujibiwi. Watu wanakaa kimya gizani mpaka mgeni apite. Ndivyo tulivyojilinda, na hakuna aliyeona kasoro yake mpaka vita vya kwanza vya dunia.

Wakati huo Wajerumani walikuwa Rwanda, Wabelgiji walikuwa Kongo, na ziwa lilikuwa katikati yao. Wajerumani walikitaka kisiwa, maana aliyekaa Idjwi anaona kila chombo kinachopita. Wabelgiji walikuwa wameacha askari wachache tu pale. Nakusimulia kama babu yangu alivyonisimulia, na yeye alinisimulia mara moja tu, uso ameugeuzia ukutani.

Baba yake, Bahizi, alikuwa amevuka kwenda upande wa Rwanda na mkewe na mtoto wao mchanga. Wadachi wakamkamata. Ndivyo wazee walivyowaita Wajerumani, Wadachi. Mke na mtoto wakabakizwa ufukweni chini ya bunduki, na Bahizi akawekwa kwenye mtumbwi wa mbele. Nyuma yake, kimya kabisa, wakafuata askari wamejaa kwenye mashua na mitumbwi. Walipoikaribia ghuba ya kwao kulikuwa na ukungu wa alfajiri. Wakamwambia apige mluzi.

Akaupiga. Ndugu zake wakawasha moto. Kaka yake aliingia majini mpaka kiunoni kumsaidia kuvuta mtumbwi, huku akimtania kwamba amenenepa huko ugenini. Aliuawa pale pale, mikono bado imeshika mtumbwi. Wadachi wakashukia kwenye mwanga wa moto ule, na jua lilipopanda kisiwa kilikuwa chao. Bahizi hakushuka. Alirudisha mtumbwi nyuma, akaingia ukunguni, na hakuonekana tena upande wowote wa ziwa.

Mke na mtoto waliachiwa. Mtoto huyo ndiye babu yangu. Unaona balaa lake? Mimi niko duniani kwa sababu mtu yule alipiga mluzi. Kwetu jina lake hapewi mtoto yeyote. Lakini mluzi wake tuliurithi, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikaubeba mpaka Afrika Kusini.

Tulikuwa tunakaa Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Sisi tulikuwa chumba cha mbele: mimi, mke wangu Zawadi, na binti yetu Neema, ambaye alizaliwa hapa na Kizulu chake kinamshinda hata mwalimu. Vyumba vingine vilikuwa na familia mbili za Warundi. Geti lilikuwa moja, la chuma. Kwa kuwa kila mara wageni wakisakamwa watu huanza kugonga mageti, niliwaambia wote wasimfungulie anayegonga wala anayeita jina. Wangoje mluzi wangu. Neema alipenda sana mchezo huo. Akinisikia, anawasha kwanza taa ya kibarazani, halafu mama yake anafungua. Nilijiona nina akili kweli.

Siku hiyo ya Septemba maduka ya wageni mjini yalianza kuvunjwa tangu asubuhi. Kutoka dirishani kwenye chumba chetu cha kushonea tuliona moshi upande wa kituo cha mabasi. Mchana simu ya Zawadi iliacha kupatikana. Hapo nilichanganyikiwa, nasema kweli. Nilikuwa na mke na mtoto nyuma ya geti moja la chuma, na katikati yetu mji mzima umewaka. Niliacha suruali ya mteja kwenye mashine, sindano ikiwa bado imo kitambaani, nikaondoka kwa miguu.

Nilipofika chini ya daraja la reli, kabla ya uwanja wa mpira, nilimkuta mzee amesimama peke yake. Alikuwa hana viatu, na alikuwa ameloa kuanzia kiunoni kwenda chini. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye lami. Niamini, Johannesburg kulikuwa hakujanyesha kwa miezi. Na harufu ile haikuwa ya mfereji wala ya bomba lililopasuka. Mtu aliyekulia Kivu hawezi kuikosea harufu ya ziwa lake asubuhi.

Akaniuliza kwa lugha ya kisiwa, ile ya zamani ambayo siku hizi wanaijua vikongwe tu: "Moto umewashwa?"

Ungefanya nini wewe? Kwetu mzee akikusemesha kwa lugha ya nyumbani, ukiwa ugenini, humwulizi jina mpaka ale kwako. Ni adabu tuliyofundishwa tangu tukiwa watoto, na mdomo wangu ulitangulia akili. Nikamjibu kwamba bado, na kwamba naelekea nyumbani, karibu, mzee, utakula kwetu. Nilimkaribisha hivyo hivyo, kwa maneno yangu mwenyewe.

Tukatembea pamoja. Hakuuliza wale watu wanakimbia nini, wala moshi ni wa nini. Alisema tu kwamba Wadachi wako njiani, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua. Tulipokaribia mtaa wetu akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa sugu za kasia, na kilikuwa baridi mpaka nikaumwa mfupa.

"Wamekushikia nani?" akaniuliza.

Nikasema hakuna, mke na mtoto wako nyumbani salama.

"Watakushikia," akasema.

Nilipogeuka kumtazama, hakuwepo. Kwenye lami kulikuwa na nyayo zake mbili za maji, na jua lilikuwa linazikausha.

Niliingia mtaani kwetu nikikimbia, na nikawakimbilia wenyewe. Vijana kama ishirini hivi walikuwa mbele ya geti letu, na fimbo na vyuma, na mmoja ana galoni la petroli. Walikuwa wameshajaribu kulivunja likawashinda. Miongoni mwao alikuwamo Vusi, kijana wa mtaa wa pili ambaye nilimpunguzia suruali ya kuvaa harusini kwa dada yake. Macho yetu yalipokutana nilijua kwisha.

Vusi aliwaambia wenzake kwamba watu wa humu hawamfungulii mtu yeyote ila huyu, na huwa anapiga mluzi. Halafu akanijia, akasema nami polepole kwa Kizulu nipate kuelewa, hata nadhani alitaka kunisaidia. Alisema wao shida yao ni wale Warundi wa nyuma, ambao inasemekana wanauza bidhaa chumbani. Nikipiga mluzi, mke wangu na mtoto watapita salama.

"Eish, Papa, piga tu," akasema. "Ukikataa, hawa wanachoma nyumba yote. Na mtoto wako yumo."

Basi. Hayo ndiyo yale yale. Toka ulimwengu uumbwe sijui kama mtu amewahi kuona jambo la mzee wa ukoo wake limemsimamia mbele hivyo, na galoni mkononi. Nilitazama dirisha letu, pazia lilelile nililolishona mwenyewe. Nilimwona Neema, nilimwona yule mtoto mchanga chini ya bunduki kule ufukweni, nikaona ni mtoto mmoja. Sitakudanganya. Nilikunja midomo nipige.

Mdomo ukajaa maji. Naapa mbele ya Mungu. Maji baridi, mengi, yalipanda kutoka kifuani yakanibana pumzi, nikatapika barabarani maji na mchanga mweusi na nyuzi za majani ya ziwani. Wale vijana waliruka nyuma. Nikajaribu tena, maji yakaja tena. Mmoja akasema ninawachezea, akanipiga na chuma mdomoni. Nilianguka, wakaendelea. Kitu cha mwisho nilichokiona ni petroli ikimwagwa chini ya geti, na mimi nipo pale chini siwezi hata kulia kwa sauti.

Niliamka hospitali, taya limefungwa nyaya. Zawadi alikuwa kando ya kitanda, na Neema amelala miguuni pangu. Nililia mpaka nesi akaja. Nyumba ilikuwa imeungua yote, cherehani yangu ya pili, nguo, vyeti, kila kitu. Lakini hakuna aliyekuwamo. Wala Warundi, wala watoto wao.

"Si ulituita kule nyuma, Papa Neema?" Zawadi aliniambia. "Tulisikia mluzi yako. Mutoto akasema ni papa."

Mluzi ulisikika nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa uani, wakati mimi nikiwa mbele nimejaa maji. Wote wakaufuata mbio. Bibi mmoja Mzulu wa nyumba ya pili naye alikuwa ameusikia, akaja kuangalia, akawaona, akaweka ngazi na kuwapokea watoto mmoja mmoja. Aliwaficha chumbani kwake na kusimama mlangoni mwenyewe. Zawadi anasema ukuta ule ulikuwa umeloa.

Najua unachofikiri. Unafikiri yule mzee alirekebisha kosa lake, mambo yakaisha. Mimi pia nilifikiri hivyo, nikamshukuru.

Siku hizi tunakaa chumba kimoja ghorofani, Fordsburg, juu ya duka la vitambaa. Mimi siwezi kupiga mluzi tena, bila meno hewa inatoka tu. Na karibu kila jioni, watu wakifunga maduka, mluzi wetu unasikika kwenye korido, mbele ya mlango. Ni ule wenyewe. Chini ya mlango panaingia maji kidogo. Anadai makaribisho yake, chakula nilichomwahidi, na kwa haki anastahili, maana familia yangu ni yeye aliyeiokoa. Neema anashika swichi ya taa na kunitazama. "Papa, tumuwashie?"

Namwambia hapana. Tunazima kila kitu, tunakaa gizani, mimi na wao, kimya, na moyo unaniuma kwa aibu. Maana yule mzee mwenyewe simwogopi hata kidogo. Lakini mara ya mwisho alipoupiga mluzi huo na kuwashiwa moto, hakuwa peke yake, na nikitega sikio vizuri nasikia makasia mengi nyuma yake, yanatulia.

Nawe ukiitwa mlangoni na mtu unayempenda, kwa sauti unayoijua, usikimbilie taa. Uliza kwanza ameongozana na nani. Huenda yeye mwenyewe hana ruhusa ya kukuambia.