Spika Bapa za Agripina

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Husby, ughaibuni kwenye baridi. Agripina Kokwijuka amepiga magoti sebuleni, msasa mkononi, analainisha kona za bodi nyeupe ya povu gumu, ile ambayo wajenzi huiweka ukutani kuzuia baridi. Anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anasugua tena. Mumewe, Ladislaus, anamruka na kikombe chake cha chai.

"Mama Jonas, huyo mgonjwa wako bado hajapona?"

"Anakohoa kidogo tu. Usimwagie chai."

Mgonjwa ni spika. Haina boksi wala mdomo. Nyuma ya bodi kumebandikwa kifaa kidogo cha mviringo kinachoitetemesha, na bodi nzima ndiyo inayotoa sauti. Mwenzake tayari ananing'inia kwa uzi wa nailoni karibu na dirisha.

Agripina, mzaliwa wa Bukoba, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akihudumia wazee kwenye makao yao. Spika hizi amezitengeneza kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja.

Jumuiya yao ya sala hukutana sebuleni hapa. Kiongozi wao, Mzee Japhet, miguu imemgomea, hivyo husalisha kwa simu kutoka kwake, mtaa wa Sundbyberg. Spika ya zamani iliwapiga usoni waliokaa mbele. Wa pembeni wakabaki na mvumo tu. Aliyeumia zaidi ni Bibi Épiphanie, mjane kutoka Burundi anayeishi mtaa wa Hjulsta. Huangalia midomo ya wenzake, kisha huitikia wakiwa wameshamaliza.

"Kelele niko nazisikia, maneno hapana," alimwambia Agripina safari iliyopita. "Nitakuja mara moja tena, halafu nitabaki kwangu. Nimechoka kuwa amina ya mwisho."

Mara moja hiyo ni leo.

"Kiswahili chote cha bibi yule kiko hapa," anasema Agripina. "Akibaki kwake ataongea na nani, jokofu? Kazini nimewaona. Mtu hasikii vizuri, anaacha kuja mezani, mwisho anaacha kuongea kabisa."

Ni fundi redio mmoja aliyemwonyesha kwamba ubao mwepesi ukitetemeshwa, sauti husambaa chumba kizima. Agripina akaomba mabaki ya bodi kwa mafundi waliokuwa wakikarabati jengo lao, akaanza.

Kosa la kwanza alilifanya kwa heshima. Sebuleni kwake hakuna kitu kinachokaa uchi: makochi, televisheni, hadi amplifaya, vyote vina vitambaa vya kufuma. Bodi nazo akazibandika kitenge, gundi pembe hadi pembe. Zikapendeza. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Nikamwambia, umeivisha nguo ya harusi, itaongeaje?" anasema Ladislaus.

Kitenge kikabanduliwa. Sasa maneno yanasikika, ila yanatoka na filimbi inayokera sikio. Agripina amekisogeza kile kifaa kutoka katikati, amepunguza kona. Filimbi ipo.

Mchana wanajumuiya wanaingia, viatu vinajaa mlangoni. Bibi Épiphanie anakaa dirishani, anaitazama bodi.

"Agripina mwanangu, nyumba nzuri hivi, hiki kitu mbona umekiacha uchi?"

"Kikivaa hakisemi, bibi."

"Hata kidogo?"

Anachukua kitambaa kwenye mkono wa kochi, anakitundika kwenye kona ya bodi. Agripina ananyoosha mkono akitoe. Hapo hapo sauti ya Japhet inatoka: "Mnanisikia huko?"

Filimbi imepungua. Agripina hakitoi kitambaa. Anakisogeza taratibu kwenye ukingo.

"Sema tena, mzee."

"Niseme nini sasa? Nimeuliza kama mnanisikia."

Filimbi imekwisha. Agripina anavua kitambaa cha televisheni, anaivisha bodi ya pili kona ile ile, anakaa.

"Tumsifu Yesu Kristo," anaanza Japhet.

"Milele na milele, amina," anajibu Bibi Épiphanie, peke yake. Wengine wote wamegeuka kumtazama.

"Kwani nyinyi mmelala?" anawauliza.

Agripina sasa anataka kutundika jozi nyingine kwenye chumba cha chakula cha makao anakofanya kazi. Meneja wake amekubali kuzisikiliza kwanza. Vitambaa vya jozi hiyo amejitolea kuvifuma Bibi Épiphanie, na amekataa katakata mtu kumfuata Hjulsta kuvichukua. Atavileta mwenyewe, Jumamosi ijayo.