Kivumbasi cha Mama

Mikono yangu yanukia kivumbasi, jani lile la mwituni, na harufu yake imenirudisha bustanini kwa shangazi kule Tudor. Ilikuwa bustani kubwa, imejaa maua ya kununua na mbu. Mimi mtoto nilichukua kivumbasi kimoja kaburini kwa mama, nikakifunga kwa gazeti na udongo wake, nikakipanda chini ya dirisha la chumba nilicholala.

Kikashika. Kikatoa maua madogo meupe, nikifungua dirisha chumba kizima chanukia.

Shangazi alikiona akifagia.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Kaburini kwa mama. Kinafukuza mbu, shangazi."

Alinitazama kama niliyemtemea mate. "Mamako sikumkubali nyumbani kwangu akiwa hai. Leo waniletea akiwa jani? King'oe!"

"Shangazi…"

"King'oe kwa mkono wako."

Nikaking'oa. Mizizi ilishakwenda chini, nikaisikia ikikatika.

Juzi tumemzika shangazi. Leo asubuhi nimerudi kaburini kwake peke yangu na kivumbasi kingine kutoka kwa mama, nikakipanda upande wa kichwa chake, nikakimwagilia maji ya kutosha.

Haya, shangazi. King'oe.