Kilichompata mvuvi aliyekata wavu wake kumwokoa mgeni pale Ras Kitau

Wakuu, assalaam aleikum, na wale wengine habari za saa hizi.

Nyuzi zenu nimezisoma kwa muda mrefu bila kuandika chochote. Leo naandika mimi. Sitatia chumvi, kwa sababu jambo lenyewe halihitaji chumvi, na pia wahusika bado napishana nao kila siku pale jetty ya Amu, yaani Lamu mjini. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, kazi yangu ni dive guide. Nawashusha wageni chini ya maji na kuwapandisha salama. Hoteli ninayofanyia kazi iko ng'ambo, kisiwa cha Manda, Ras Kitau, tunatazamana na kijiji cha Shela. Jina la hoteli msiniulize.

Site yetu ya kuzamia ni ya kuingia kwa miguu. Unavaa tank ya hewa ufuoni, unatembea mpaka maji yafike kifuani, unazama, na hapo hapo mbele kuna mwamba umejaa samaki. Wageni wanaipenda kwa sababu hiyo. Hakuna kurushwa na boti, hakuna kutapika.

Na wavuvi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nimlete Lali. Lali ni rika langu, tulisoma madrasa moja. Watu wao asili ni wa Kizingitini, lakini baba yao alihamia Amu akaoa, akazikwa huku. Lali alikuwa akivua na kaka yake mkubwa, Shee. Walikuwa na hori, kile chombo kidogo cha kupiga makasia, na walikuwa wakiliegesha pale pale ufuoni mbele ya hoteli. Kwenye mwamba walikuwa wakipata kamba na changu, na nyuma yake walikuwa wakitega wavu.

Baina yetu na wao hapakuwa na shida. Tulikaa mchangani siku moja, chai na mahamri, tukapatana: tutie boya jekundu. Ndani ya boya ni ya wazamiaji, nje ya boya ni ya nyavu. Basi. Hakuna aliyesaini kitu.

Na ilifanya kazi, wakuu. Nanga yao ikinasa chini, nilikuwa nashuka naitoa. Mgeni akiangusha mask, Lali alikuwa akituletea mkononi, anacheka, "Macho yenu haya."

Siku ya tukio ilikuwa asubuhi, msimu wa kaskazi, maji meupe unaona mbali. Nilikuwa na kundi dogo la wageni. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mwalimu mstaafu, mpole sana, anapenda kupiga picha. Nikawaeleza wote ufuoni: boya lile msilipite.

Tulipokuwa chini, yule mama akamwona taa, yule samaki mpana anayeruka kama anapepea. Akamfuata na kamera yake. Mimi nilikuwa namrekebishia mwingine mkanda wa uzito. Kugeuka, mama hayupo.

Kwa wasiojua diving: mtu akinaswa na wavu chini ya maji, kila anavyojipinda ndivyo anavyojifunga. Wavu hushika kichwa cha tank, nyuma ya shingo, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Ukipaniki, unamaliza hewa upesi.

Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amepita boya. Wavu umemviringa mabegani. Na juu yake kuna mtu.

Alikuwa Lali. Hana tank, hana fins za miguuni, ana kisu na msuli wake kiunoni tu. Anakata. Akaishiwa pumzi, akapanda juu, akarudi tena kabla mimi sijafika. Regulator, ile ya kupumulia, ilikuwa imeshamtoka mama mdomoni. Nilimtia ya kwangu ya akiba, Lali akakata kamba ya mwisho, tukapanda naye polepole.

Baadaye nikamuuliza alijuaje. Akaniambia, "Nimeona mapovu yatoka mahali pamoya, hayendi mbele wala nyuma. Nikasema huyu kashikwa."

Pale ufuoni yule mama alilia mpaka akakaa chini. Alimshika Lali mikono akawa haachi. Shee ndiye aliyeuvuta wavu nchi kavu. Ulikuwa mpya, na sasa katikati una tundu kubwa kama mlango. Akautazama, akaukunja, akasema, "Wavu si kitu. Mtu yu hai, alhamdulillahi."

Ningependa uzi uishie hapa.

Mgeni mmoja katika lile kundi alikuwa na kamera kichwani. Alirekodi mama akihangaika ndani ya wavu. Lali hakuonekana vizuri, kivuli tu. Akaitia mtandaoni. Yule mama aliandika kule chini, nilisoma mwenyewe, kwamba mvuvi ndiye aliyemwokoa na kwamba kosa lilikuwa lake yeye kupita boya. Nani alisoma? Watu walikuwa wanaandika, "Nyavu za mauti," "Kwa nini wanaruhusiwa hapo?" Wageni wakaanza kuandika kufuta safari zao.

Meneja akatuita. Ni kijana wa Nairobi, si mtu mbaya, hilo niliseme. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Boya, mapatano, taa, mama mwenyewe alivyokiri.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bro, nakuamini. Lakini mimi sitafuti nani ana makosa. Natafuta hii kitu isitokee tena."

"Basi tuongeze maboya. Tukae na wavuvi."

"Boss ameshaamua."

Uamuzi ulikuwa kujenga ua. Wenye hoteli walisema bahari ni ya wote, hakuna anayemzuia mtu kuvua. Lakini ufuo una hati, na hati ni ya hoteli. Kwa hivyo hakuna kuegesha hori pale, hakuna kupitisha nyavu pale. Ua ukajengwa toka miti ya juu mpaka yanapofika maji makuu ya bamvua. Mzee mmoja wa wavuvi alikwenda kulalamika kwenye ofisi kule Amu, akaambiwa aache namba atapigiwa.

Lali na Shee wakaanza kuegesha hori kwengine, mbali, na kuja kwa makasia. Mkondo wa pale anayeujua anaujua. Wakifika wamechoka, maji yameshageuka. Siku nyingi walirudi na kitoweo tu. Mwisho Shee akasema yeye anakwenda nje ya mwamba mkuu na chombo cha watu. Lali ana mke na watoto wadogo, na mke, Bi Mwanaisha, akamsihi asiende nje.

Hapo ndipo hoteli "ilipomshukuru".

Meneja alimwita akampa kazi. Askari wa ufuoni. Sare, buti, filimbi. Kwa kweli nadhani alikusudia wema kabisa, alifurahi siku ile kuliko Lali.

Jioni yake Lali alinikuta barazani kwetu. Akakaa, akasema, "Nti hini nimezawa, na ndia ya kushukia mai sina. Sasa wanipa filimbi. Niikatae, niwape nini wana?" Yaani nchi hii ndiyo aliyozaliwa, na njia ya kushukia majini hana.

Nilimmiminia kahawa.

Aliichukua kazi.

Wiki ile ile, Shee hajapata bado nafasi kwenye chombo cha watu, bahari ilichafuka, naye alikuwa akirudi peke yake na lile hori lao. Mawimbi yakamsukuma, akaingia ufuoni kwetu, akaruka kulishika lisipigwe na mawe. Mimi nilikuwa naosha vifaa, nimeona kwa macho yangu. Wageni walikuwa wamelala kwenye vitanda vya jua wanatazama. Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi, naye anatazama.

Lali alikwenda mpaka kwa kaka yake. Hakupuliza filimbi. Alisema kwa sauti ya chini, "Kaka, hapa hapana ruhusa."

Shee ndiye aliyemlea huyu, wakuu. Baba yao alikufa Lali hajabaleghe.

Shee akamtazama sare toka juu mpaka chini. Nikangoja matusi. Hakutukana. Akasimama wima, maji magotini, akapiga saluti.

"Sawa, afande."

Akalisukuma hori, akarudi kwenye mawimbi yale.

Alifika salama, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo hajamwita Lali kwa jina lake. Msikitini wakikutana ni "afande, aleikum salaam." Idi iliyopita Lali alipeleka watoto kumsalimia ami yao. Watoto walipokelewa, walipewa halua. Yeye aliachwa mlangoni.

Sasa haingii maji hata kuoga. Nilimwambia nitamfundisha kuzamia na tank, awe guide kama mimi, hoteli ingekubali. Akanijibu, "Sina haja ya kuona kule chini tena." Hakunitazama.

Mimi bado nashusha wageni. Samaki wameongezeka, siwezi kuficha. Wageni wakitoka majini hunishika mkono na kuniambia pametulia sana, hakuna fujo za boti. Nasema asante.

Nilichojifunza? Nilikuwa naamini mtu akitenda wema mbele ya macho ya watu, wema huo utamkinga. Siamini tena. Yule mama alisema kweli, mimi nilisema kweli, hata meneja alikubali ni kweli, na ua ukajengwa.

Wenye ufuo uliofungwa huko kwenu, Kilifi, Kwale, hata Unguja, semeni mlifanya nini. Na aliyewahi kupatanisha ndugu wa tumbo moja waliofika hapa, naomba aniandikie. Wa kuja kusema "angekataa kazi" karibuni pia, ila kwanza niambieni angekula wapi.